Sheria Badala ya Radhi

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenijaalia kuzaliwa katika nchi isiyo na kasoro, akanipa na uzee wa kutosha nipate wasaa wa kusimulia kasoro za nchi nyingine. Nchi ninayoikusudia iko mbali mno. Anayedhani anaijua amekosea, na anayedhani anamjua mwenyekiti wake amekosea zaidi. Na amwombe Mola amwondolee dhana mbaya, kama ninavyojiombea mimi kila niandikapo.

Nchi hiyo ilitawaliwa na Chama cha Desturi. Wanachama wake walivaa kanzu zilizopigwa pasi hata zikaweza kusimama bila mtu ndani. Walisalimiana kwa kufuata vyeo, na aliyekohoa mkutanoni alikohoa kwa idhini ya kiti. Hoja yao kuu, ambayo haijapata kushindwa, ilikuwa kwamba jambo lililofanywa jana lina haki ya kufanywa leo kwa sababu ya umri wake.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mwinyihatibu Shomvi, mtu aliyejaaliwa sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyompandisha. Ujanani alikuwa msomaji katika Redio ya Taifa, na siku hizo kila Ijumaa jioni redio ilitangaza Majina ya Waliotoka Njiani. Walitajwa waliosahau kusimama wimbo wa chama ulipopigwa, waliocheka katika hotuba mahali pasipoandikwa kicheko, na wale wanaume waliokaa nyumba moja na wanaume, na wanawake waliokaa nyumba moja na wanawake, bila maelezo ya kuiridhisha Serikali.

Jioni moja, hewani, macho yake yaliangukia jina la mdogo wake wa tumbo moja, Kibwana Shomvi. Angeweza kuliruka. Angeweza kukohoa, maana studio haikuwa na kiti cha kuombwa idhini. Alilisoma kwa matamshi fasaha, akaongeza na jina la baba yao, ili asije akachanganywa na Kibwana mwingine. Mwezi haukuisha akateuliwa naibu waziri.

Kibwana alikuwa na duka la halua pamoja na Haroub Msellem, mwenzake wa nyumba na wa maisha. Siku hiyo walikuwa wamewawashia wateja redio. Wateja walisikia, wakaweka vikombe vya kahawa chini kwa adabu kubwa, wakaondoka mmoja mmoja bila kumtukana mtu. Halua ililiwa na nyuki.

Baadaye matangazo hayo yalifutwa. Hayakufutwa kwa sababu ya ubaya wake, la hasha. Yalifutwa kwa kuwa majina yalikuwa yameanza kupanda ngazi.

*

Miaka ikapita, Kibwana akaugua moyo, akalazwa Hospitali Kuu. Hospitali hiyo ilikuwa na kanuni ambayo Mwinyihatibu mwenyewe aliitunga alipokuwa Waziri wa Afya na Adabu: mgonjwa wa wodi ya ndani asionwe ila na ndugu wa damu au mwenza wa ndoa, tena mmoja mmoja. Makusudio yalikuwa kumlinda mgonjwa dhidi ya watu wanaompenda bila kibali.

Ndugu wa damu aliyebaki alikuwa Mwinyihatibu peke yake. Alikuwa akija kwa gari la Serikali, anapanda ngazi, anafika mlangoni pa wodi, anasikia kikohozi cha nduguye, anatazama saa yake, anageuka. Haroub naye alikuwa akija kwa miguu, na hakutazama saa. Basi ikawa anayeruhusiwa haingii, na anayetaka kuingia haruhusiwi. Na mgonjwa amelala katikati, akiangalia feni.

Mlinzi wa mlango huo aliitwa Shazume, mtu mwema kadiri kanuni zilivyomwachia nafasi.

"Leo umekuja na nini, Bwana Haroub?"

"Halua ya zafarani. Mkatie vipande vidogo, meno ya nyuma hana."

"Halua itaingia. Wewe utabaki."

"Halua ina undugu gani naye?"

"Halua si mtu, haihitaji undugu. Usinitafutie maneno, shemeji, mimi nina watoto wa kulisha."

"Umeniita nani?"

"Sikukuita. Ulimi umeteleza. Hii sakafu imepigwa deki sasa hivi, kila kitu kinateleza."

Wakati huo Mheshimiwa Mwinyihatibu alikuwa amekwisha kugeuka mlangoni, anarudi zake. Haroub akamsimamia njiani kwa heshima zote.

"Kaka Mwinyi, umeshamwona?"

"Nilikusudia. Nina kikao."

"Basi nipishe mimi. Mwambie Shazume neno moja tu: aingie. Kanuni ni yako."

"Kanuni ikishatungwa si ya mtu, Bwana Haroub."

"Juzi ulimfukuza mkuu wa bandari kwa kukunja uso wako tu."

"Hilo lilikuwa jambo la kitaifa."

"Anakuulizia, kaka. Shazume ananihadithia. Kila mlango ukilia anauliza, 'Kaka kaja?'"

Mheshimiwa alitazama saa yake tena. Nasikia ilikuwa imesimama tangu asubuhi. "Nitalishughulikia kwa njia rasmi," akasema, akashuka ngazi kwa haraka isiyolingana na kanzu.

Huenda msomaji akashangaa kwa nini mtu wa sauti kubwa kama ile ashindwe na neno dogo kama hilo. Mimi sioni cha kushangaza. Neno "aingie" lina jirani yake, nalo ni "nisamehe". Ukilifungulia la kwanza, la pili linakuja nyuma yake bila kubisha hodi. Akimwingiza Haroub kwa neno lake, itambidi aeleze kwa nini neno hilo lilikuwa lake, na kwa nini lilichelewa, na kabla ya yote hayo kulikuwa na Ijumaa moja. Wako watu, Mungu atuepushe, ambao ni wepesi zaidi wa kubadili sheria ya nchi nzima kuliko kumwomba radhi mtu mmoja. Mheshimiwa Mwinyihatibu akaitisha Mkutano Mkuu wa dharura.

*

"Ndugu Wanadesturi!" alinguruma, na ukumbi ukasimama, ukakaa, ukasimama tena kwa tahadhari. "Ndoa ni nguzo, au si nguzo?"

"Nguzo!"

"Wako katika nchi hii wanaume wawili, wako na wanawake wawili, wanaokaa pamoja mwaka nenda mwaka rudi bila mkwe, bila wifi, bila kikao cha usuluhishi, bila mzee wa kuwauliza jana walirudi saa ngapi. Hiyo, ndugu zangu, ni raha! Je, chama hiki kitavumilia raha isiyosimamiwa?"

"Hakitavumilia!"

"Basi tuwaoze!"

Watu wakatazamana wajue kama wanakubali. Kisha safu ya mbele ikapiga makofi, na safu za nyuma zikakumbuka kwamba ndivyo zilivyokuwa zikiamini tangu utotoni.

Bi. Time Faki, Katibu Mwenezi, alipanda jukwaani kutoa ufafanuzi. Alikuwa mwanamke hodari, mwenye miwani ya kusomea aliyoivaa hata asiposoma. "Tusieleweke vibaya," alisema. "Chama hakiungi mkono mapenzi. Mapenzi ni sera ya wapinzani. Sisi tunaunga mkono ndoa, ya jinsia mbili au ya jinsia moja, mradi iwe na ndugu wa kuingilia."

Mjumbe mmoja mkongwe, Mzee Bungala, akainua mkongojo wake. "Naafiki, Mheshimiwa, naafiki kabisa. Nauliza tu: wakigombana, nani arudi kwao?"

"Watarudi wote wawili," akajibu Bi. Time, "na nyumba itatunzwa na chama."

Makofi yakarindima upya.

Wanazuoni wa nchi hiyo waliombwa maoni, na siku hiyo wote walikuwa wameshikwa na mafua. Sina la kuongeza hapo, maana mafua ni maradhi ya kweli, na mimi si mwenye kutoa fatwa kwa watu wa nchi za mbali.

Waliotaabika zaidi ni wapinzani. Dakta Zakwani, kiongozi wa Chama cha Mapya, alikuwa ameidai sheria hiyo tangu kichwa chake kikiwa na nywele. Aliidai viwanjani, aliidai gerezani. Aliposikia kwamba Desturi wanaileta, aliwaita waandishi wa habari, akafuta jasho. "Sisi tulidai haki hii idaiwe," alisema. "Hatukudai itolewe. Itakapotolewa na wale, itakuwa imechakaa." Bungeni wabunge wake wakaipinga kwa machozi, na wabunge wa Desturi wakaipitisha kwa vigelegele, na pande zote mbili zikarudi nyumbani zikiwa hazijielewi.

Malenga wa Ikulu akaghani shairi rasmi:

Ndoa ni mti wa shaba, haung'olewi kwa pepo,
Chama kimeweka toba, na baraka ziko papo,
Kila dume na mahaba, Serikali nayo ipo,
Na mwenye kupinga hapo, ataozwa asitake.

Mimi niliyelelewa na mizani na vina nimelikagua shairi hilo, na ninakiri kwamba mizani yake imetimia. Neno "toba" katika mshororo wa pili lilizusha minong'ono, kwa kuwa hakuna aliyemwagiza malenga alitie. Alipoulizwa alisema lilikuja lenyewe kwa ajili ya kina. Mheshimiwa Mwinyihatibu alilisikia, akainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

*

Msomaji atasema: basi yameisha, mlango ukafunguliwa. Msomaji huyo hajapata kuishi chini ya Chama cha Desturi.

Harusi ya kwanza, ilikubalika, iwe ya Kibwana na Haroub, tena iwe ya mfano, bila kupungukiwa na jambo. Iliundwa Kamati ya Itifaki. Kamati ilibishana nani apeleke posa na nani apokee. Ilipoamuliwa kwamba posa itoke kwa Haroub iende kwa jamaa wa Kibwana, ilionekana kwamba jamaa wa Kibwana ni Mwenyekiti mwenyewe, na Mwenyekiti hapokei ujumbe wowote usiopita kwa Katibu, na Katibu alikuwa mjumbe wa washenga. Ikabidi Bi. Time ajipelekee posa, ajikaribishe, ajiombe muda wa kufikiri.

Mheshimiwa hakuharakisha. Kila kikao cha kamati kilikuwa siku moja zaidi mbali na ule mlango. Aliongoza vikao vyote, akahariri hata rangi ya mwavuli wa bwana harusi, na wajumbe wakamsifu kwa bidii yake. Kitu kimoja hakikutajwa katika vikao hivyo, nacho ni redio. Kila mjumbe alikuwa nayo nyumbani siku zile. Kila mjumbe alikuwa ameisikiliza hadi mwisho, akaongeza na sauti kidogo yalipofika majina ya mtaa wake. Kwa hiyo waliupenda sana mjadala wa mwavuli.

Kisha akateuliwa Somo wa Taifa, bibi mnene mwenye cheti, aende kumfunda Haroub namna ya kukaa na mume.

"Mume," alianza bibi huyo, "akirudi nyumbani hupokewa kwa uso mkunjufu."

"Bibi, nimekaa naye tangu nywele zake zikiwa nyeusi," alisema Haroub. "Uso wangu anaujua, na mkunjufu si wa kila siku. Anachotaka sasa ni mtu wa kumgeuza ubavu. Kanifungulieni mlango."

"Mwanafunzi anaingilia somo."

"Usiku hupumua kwa tabu akilalia kushoto. Mmewaambia wauguzi? Mimi nilimwambia Shazume, sijui kama ujumbe umefika."

Bibi Somo alikunja mkeka wake kabla ya wakati, akaenda kuiambia kamati kwamba mwanafunzi amefuzu. Hilo ndilo jambo pekee la busara lililofanywa na mwenye cheti katika kisa hiki.

*

Siku ya harusi, beni ya polisi ilipanda ngazi za hospitali ikipiga tarumbeta, nyuma yake Kamati ya Itifaki, nyuma yake mwavuli. Haroub alivaa kanzu ya melimeli. Wauguzi walitoka wodini kuchungulia, na wagonjwa walioweza kukaa walikaa.

Ndoa ilifungwa pale pale mlangoni, maana kanuni haikumruhusu Haroub kuvuka kabla ya kuwa mume. Kibwana alikuwa amekwisha kumpa kaka yake uwakala kwa kinywa cha Shazume, ingawa siku hakuambiwa. Mwinyihatibu alisema maneno yaliyompasa kwa sauti yake ile ya redio, safi, isiyo na kigugumizi. Haroub akajibu, "Nimekubali," na chama kikapiga vigelegele.

Shazume alifungua mlango wazi kabisa. "Pita, shemeji," alisema. "Leo sakafu ni kavu."

Haroub akaingia. Kibwana alikuwa amekonda hata shuka ilionekana kama imetandikwa tu.

"Nani wanapiga ngoma?" aliuliza.

"Sisi. Tumeoana."

"Lini?"

"Sasa hivi, hapo nje."

"Ungenipasha habari, ningenyoa ndevu." Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Haroub akamwinua, akamweka ubavu wa kulia. Walikaa hivyo kitambo. Kisha Kibwana akauliza alichokuwa akiuliza siku zote. "Kaka kaja?"

"Yuko mlangoni."

"Mwambie aingie."

Haroub akatoka. Mheshimiwa alikuwa amesimama ameegemea ukuta, Kamati ya Itifaki ikimzunguka.

"Anakuita, kaka."

Mwinyihatibu akamgeukia Bi. Time. "Kanuni inasema mmoja mmoja."

"Ni kweli, Mheshimiwa. Mume yuko ndani, nafasi imejaa."

"Nimetoka," akasema Haroub. "Niko hapa mbele yenu. Nafasi i wazi."

"Hapana, usimwache," akasema Mheshimiwa kwa upole mkubwa. "Ni siku yenu. Mimi ni nani niwaingilie?" Akashusha sauti. "Amesema lolote kuhusu mambo ya zamani?"

"Amesema uingie."

"Kwa sauti gani?"

"Ya mgonjwa, kaka. Ingia."

"Naingia. Tarumbeta hizi kwanza. Si heshima kumwingilia mgonjwa na tarumbeta." Akaiendea beni mwenyewe, kwa miguu yake, jambo ambalo wapiga beni wale watawahadithia wajukuu. Akawanyamazisha, akawashukuru, akampa mkono kila mmoja, akamuuliza mpiga zumari habari za nyumbani na mama yake mzazi. Nimesikia watu wakimsifu kwa unyenyekevu wa siku ile. Mimi si wa kuwapinga.

Haroub hakungoja. Alirudi ndani, na mlango akauacha wazi.

Mheshimiwa alipomaliza salamu zake hakukuwa na mwingine wa kumsalimia. Alipiga hatua mpaka kizingitini, akavua viatu, ingawa hapakuwa na desturi hiyo hospitalini. Wodi ilikuwa kimya. Haroub alikuwa amekaa kitandani, ameushika mkono wa Kibwana kwa mikono yake miwili, na macho ya Kibwana yalikuwa yamefumbwa vizuri, kwa namna ambayo mtu hawezi kuyafumba mwenyewe.

"Amelala?" aliuliza Mwinyihatibu.

Haroub alitikisa kichwa kukataa.

Mheshimiwa alisimama miguuni pa kitanda. Aliposema, sauti yake haikuwa ile inayojulikana. "Nililisoma jina lake."

"Najua. Redio ilikuwa yangu."

"Na jina la baba."

"Na jina la baba."

"Nisamehe, Haroub."

"Langu nimekusamehe. La duka, la mlango, la mwavuli, yote nimekusamehe."

"Na lake?"

Bi. Time, aliyekuwa amesimama kizingitini na miwani yake mkononi, akasema kwa sauti ya chini, na naamini alisema kwa huruma: "Mheshimiwa, sheria mpya inampa mwenza mamlaka ya kumsemea mwenzake katika kila jambo. Bwana Haroub akitamka, inatosha. Mimi na Shazume ni mashahidi."

Mwinyihatibu akamtazama Haroub. Nchi nzima ilikuwa imeozwa na kupangwa upya ili mtu huyu aweze kuulizwa swali hilo, na nadhani hapo ndipo Mheshimiwa mwenyewe alipolijua hilo.

"Ningelitoa, kaka," alisema Haroub. "Wallahi leo ningetoa kila nilicho nacho. Lakini hilo ni haki yake, na haki ya mja haisemewi. Alikuita uje uichukue radhi yake."

Nje, mtu wa beni aliangusha kitu cha shaba, akaomba radhi.

Haroub akasimama, akapangusa uso kwa mkono wa kanzu. "Njoo ushike upande ule," alisema. "Tumwelekeze kibla, mwili bado una joto."

Mheshimiwa alikuja. Alisimama juu ya nduguye ameinyoosha mikono mbele yake, asijue aiweke wapi, hata ikabidi Haroub amshike vifundo vya mikono na kumwekea mikono hiyo begani pa Kibwana, mmoja, kisha wa pili.

"Polepole," akamwambia. "Hapendi kushikwa ghafla."